Nakala Ngapi Siku ya Kwanza? Tathmini ya Huduma ya Kukadiria Mauzo ya Michezo ya Video

Tarehe 21 Agosti 2025, studio ya Team Cherry ilitangaza kwamba Hollow Knight: Silksong, mchezo uliokuwa ukisubiriwa tangu mwaka 2019, ungetoka baada ya wiki mbili tu, yaani tarehe 4 Septemba. Ndani ya siku chache, timu kadhaa ndogo za watengenezaji ziliahirisha michezo yao, na zilikuwa na sababu nzuri. Mchezo mdogo unaotoka wakati mmoja na mchezo mkubwa hukosa nafasi kwenye ukurasa wa mbele wa duka la mtandaoni, hukosa waandishi ambao wangeuchambua, na hukosa wachezaji ambao fedha na muda wao wa wiki hiyo vimekwisha kutengwa kwa ajili ya kitu kingine. Timu yetu ya watu wanne ilikuwa na mchezo wake uliopangiwa mwezi huohuo. Swali lililokuwa mezani halikuwa kama Silksong ingeuza sana, maana hilo lilijulikana na kila mtu, bali ingeuza kiasi gani siku ya kwanza, na baada ya siku ngapi upepo wake ungetulia. Hapo ndipo tulipolipia huduma ya makadirio ya mauzo ambayo tumekuwa tukiitumia tangu wakati huo, na ambayo ninaitathmini hapa.

Sitaitaja kwa jina. Huduma za aina hii ziko kadhaa, zinateka maji katika visima vilevile, na mengi nitakayoyasema yatamfaa msomaji anayetaka kulipia yoyote kati yake.

Kila mchezo unaosubiriwa una ukurasa wake. Juu kabisa pana nambari moja kubwa iliyokolezwa wino, nayo ni idadi ya nakala zinazokadiriwa kuuzwa katika saa 24 za kwanza. Chini yake, kwa herufi ndogo za kijivu ambazo mwenzangu mmoja hakuziona kwa wiki nzima, pana kiwango cha chini na kiwango cha juu. Katikati ya ukurasa kuna grafu inayoonyesha jinsi kadirio hilo lilivyopanda na kushuka siku baada ya siku, ikiwa na vitone vinavyoonyesha siku trela (video fupi ya kuutangaza mchezo) ilipotoka, siku bei ilipotangazwa na siku tathmini za wachambuzi zilipochapishwa. Mwishoni kuna jedwali la ishara zilizotumika: idadi ya wafuasi wa mchezo, nafasi yake katika orodha ya matamanio ya wanunuzi, nafasi yake katika orodha ya michezo inayouzwa zaidi, idadi ya waliotazama trela, bei, na mauzo ya matoleo yaliyoutangulia. Ukurasa unafunguka haraka na unasomeka vizuri hata kwenye simu. Kwa upande wa sura sina la kulalamikia isipokuwa hizo herufi za kijivu, na nitazirudia.

Jambo la kwanza ninaloisifu huduma hii ni kwamba inasema wazi inahesabu nini. Huenda msomaji akaona hilo ni dogo, lakini ukizipitia rekodi za siku ya kwanza za miaka 20 iliyopita utakuta kwamba nyingi kati yake haziwezi kulinganishwa kabisa. Halo 2 ilipotoka Novemba 2004, dola milioni 125 zilizotangazwa zilikuwa za Marekani na Kanada. Call of Duty: Modern Warfare 2 ya mwaka 2009 ilitangaziwa nakala milioni 4.7 na dola milioni 310 katika saa 24, lakini hesabu hiyo ilikuwa ya Amerika Kaskazini na Uingereza peke yake. Grand Theft Auto IV, iliyotoka Aprili 2008, nayo ilitajwa kwa dola milioni 310 siku ya kwanza, ila hizo zilikuwa za dunia nzima, kwa nakala milioni 3.6. Mtu anayeziona nambari hizi mbili zimepangwa sambamba katika chati atadhani michezo hiyo ilifungana, kumbe mmoja umehesabiwa katika nchi chache na mwingine katika zote.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa mwaka 2013. Grand Theft Auto V ilitoka tarehe 17 Septemba, na kwa hesabu iliyoingizwa katika Guinness World Records iliuza nakala milioni 11.21 na kuingiza dola milioni 815.7 katika saa 24. Wiki saba baadaye ikatoka Call of Duty: Ghosts, na kampuni iliyoichapisha ikatangaza dola bilioni 1 siku ya kwanza. Magazeti kadhaa yaliandika kwamba rekodi imevunjwa. Lakini bilioni hiyo ilikuwa thamani ya nakala zilizopelekwa madukani, siyo ya nakala zilizotoka madukani zikiwa mikononi mwa wanunuzi. Diski iliyokaa rafu ya nyuma ikisubiri mnunuzi ilihesabiwa sawa na diski iliyokuwa tayari inazunguka ndani ya konsoli, yaani mashine ya kuchezea michezo. Huduma tunayoitumia huziweka hesabu hizi mbili katika safu tofauti na haikubali kuzichanganya, na mimi binafsi ningeilipia hata kwa sababu hiyo pekee.

Katika jedwali hilohilo kuna safu ya wastani wa fedha kwa nakala, ambayo imenifunza mengi. Ukigawa dola milioni 815.7 kwa nakala milioni 11.21 unapata karibu dola 73, ilhali bei ya kawaida ya Grand Theft Auto V nchini Marekani ilikuwa dola 60. Tofauti hiyo inaeleweka: mnunuzi wa siku ya kwanza ndiye shabiki asiyeweza kungoja, ndiye anayechukua toleo maalumu lenye sanduku na ramani, na katika nchi nyingi bei ya rafuni huwa juu zaidi na imeshajumlisha kodi. Kwa hiyo anayekadiria fedha kwa kuzidisha nakala kwa bei ya kawaida atakuwa chini, na anayekadiria nakala kwa kugawa fedha kwa bei ya kawaida atakuwa juu. Kosa hili nimelikuta hata katika uchambuzi wa watu wanaolipwa kwa kazi hiyo.

Hata neno «siku» lenyewe limekuwa gumu. Starfield ya mwaka 2023 ilitoka rasmi tarehe 6 Septemba, lakini waliolipia toleo la bei ya juu walianza kuicheza tarehe 1. Nao waliokuwa na usajili wa Game Pass, huduma ya Microsoft inayolipiwa kwa mwezi, hawakununua nakala hata moja, bali waliufungua mchezo na kucheza, ndiyo maana kampuni zenye huduma za namna hiyo hutangaza idadi ya wachezaji badala ya idadi ya nakala. Hapa huduma inayumba. Katika baadhi ya kurasa saa 24 zinaanza pale wa kwanza anaporuhusiwa kucheza, katika nyingine zinaanza kwenye tarehe rasmi, na sijaona mahali popote ilipoelezwa ni kanuni gani inayofuatwa.

Sasa niingie kwenye injini yenyewe. Makadirio ya nakala zinazouzwa kwenye Steam, duka kubwa la mtandaoni la michezo ya kompyuta, yamejengwa juu ya mambo machache yanayoonekana hadharani. La zamani kuliko yote ni kuzidisha idadi ya maoni ya wanunuzi kwa kigezo fulani, njia ambayo watengenezaji huiita kwa jina la mwenzao Mike Boxleiter. Baadaye, mwaka 2015, ikaja Steam Spy, iliyokuwa ikichukua sampuli ya kurasa binafsi za wachezaji na kukisia kutoka humo ni watu wangapi wanaomiliki mchezo. Njia hiyo ilifanya kazi vizuri mpaka Aprili 2018, Valve, kampuni yenye Steam, ilipobadilisha mipangilio ya faragha na kuzificha maktaba za wachezaji zisionekane isipokuwa mwenyewe ameruhusu. Tangu hapo kila mkadiriaji amerudi kwenye maoni, wafuasi, idadi ya wanaocheza kwa wakati mmoja na nafasi katika orodha ya mauzo. Ikumbukwe kwamba orodha hiyo ya Steam hupangwa kwa fedha, siyo kwa nakala, hivyo mchezo wa dola 70 huweza kuupita wa dola 20 uliouza nakala mara tatu zaidi.

Tuliijaribu injini hii kwenye mchezo tuliokuwa na ukweli wake wote, yaani mchezo wetu wenyewe uliotangulia. Kadirio la nakala lilikuwa zaidi ya maradufu ya nakala halisi. Sababu tuliigundua wenyewe: mchezo wetu ni mfupi na unawagusa watu, na wengi walioumaliza waliandika maoni usiku huohuo, kwa hiyo maoni yalikuwa mengi kuliko kawaida kwa kila nakala iliyouzwa. Niliwaandikia wenye huduma nikiambatisha takwimu zetu. Jibu lilikuja baada ya siku 11, la heshima, likisema kigezo kitarekebishwa.

Lakini lililofuata ndilo lililoniudhi zaidi katika muda wote wa kuitumia huduma hii. Wiki chache baadaye nilifungua ukurasa wa mchezo wetu nikakuta grafu ya makadirio ya kabla ya uzinduzi imebadilika. Ule mstari ambao katika picha niliyokuwa nimeihifadhi kwenye kompyuta ulipita juu kabisa ya mauzo halisi, sasa ulikuwa umeshuka na kukaribia kuyagusa, tangu mwezi mzima kabla ya siku ya kutoka. Nilizilinganisha picha mbili kitone kwa kitone: tarehe zilikuwa zilezile, trela ilikuwa palepale, ila kadirio lilikuwa jingine. Nilipouliza nikaelezwa kwamba kila modeli, yaani hiyo injini ya kukadiria, inapoboreshwa, makadirio yote ya nyuma hukokotolewa upya. Hakuna mahali kwenye ukurasa palipoandikwa hivyo. Na ile asilimia ya usahihi inayotangazwa kwenye ukurasa wa malipo inahesabiwa kutokana na mistari hiyo iliyokokotolewa upya.

Kukadiria mauzo ambayo tayari yanajulikana si kukadiria. Mnunuzi wa huduma hii anataka kujua ilisema nini jioni ya kuamkia uzinduzi, wakati ambapo hakuna aliyejua kitu, na hiyo ndiyo kumbukumbu pekee ambayo haipatikani. Modeli mpya ina haki ya kuchora mstari wake, lakini mstari wa zamani ulipaswa kubaki pembeni yake na tarehe yake. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiuhifadhi kila ukurasa ninaoufuatilia, kila asubuhi, na namshauri yeyote atakayejiunga afanye vivyo hivyo.

Kwa kutumia kumbukumbu zangu hizo naweza kusema huduma inafanya vizuri wapi. Inafanya vizuri kwa mifululizo inayotoka kila mwaka au kila baada ya miaka miwili, ambapo wanunuzi ni walewale na bei ni ileile. Inafanya vizuri pia katika siku tatu za mwisho, baada ya tathmini za wachambuzi kutoka, ambapo kiwango cha chini na cha juu husogeleana na mara nyingi ukweli huangukia katikati yake.

Inaposhindwa, hushindwa kwa namna ambayo ingeweza kutabirika. Silksong yenyewe ilikuwa ya kwanza katika orodha ya matamanio ya Steam na haikuruhusu mtu kuagiza mapema, na bei yake ya dola 20 haikujulikana mpaka dakika za mwisho. Kwa michezo mingi mikubwa sehemu ya mauzo ya siku ya kwanza huwa imekwisha kulipwa wiki nyingi kabla. Hapa kila aliyetaka alingoja saa ileile moja, na matokeo yake maduka makubwa ya mtandaoni yalizidiwa na kushindwa kupokea malipo kwa muda. Mchezo usio na oda za mapema unaiondolea modeli ishara mojawapo inayoitegemea sana, na ningetarajia kiwango cha juu na cha chini vipanuke ili kuonyesha hivyo. Havikupanuka.

Udhaifu wa pili ni kuegemea mfano uliopita. Mwaka 2024 Sony ilichapisha michezo miwili ya kufyatuliana risasi mtandaoni, yote kwa dola 40, yote kwa PlayStation 5 na kompyuta. Helldivers 2 ilitoka Februari na kufikia nakala milioni 12 ndani ya wiki 12. Concord ilitoka tarehe 23 Agosti, ikashindwa kufikisha hata wachezaji 700 kwa wakati mmoja kwenye Steam, na tarehe 6 Septemba ikafungwa, wanunuzi wote wakirejeshewa fedha zao. Ukizitazama kwa mchapishaji, bei, vyombo na aina ya mchezo, hizi ni ndugu wa tumbo moja. Kilichozitofautisha kilikuwa hamu ya watu, na hamu hiyo ilionekana mapema katika idadi ya waliojitokeza kwenye majaribio ya wazi ya Concord mwezi Julai. Nimependekeza kwa wenye huduma kwamba mahudhurio ya majaribio ya wazi yapewe uzito mkubwa kuliko historia ya mchapishaji, na bado ninasubiri kuona.

Sitaki kuwalaumu wakadiriaji kupita kiasi, kwa kuwa hata wenye mchezo hukosea. Kampuni ya uchapishaji ya Bandai Namco ilitarajia Elden Ring, iliyotoka tarehe 25 Februari 2022, iuze nakala milioni 4 kufikia mwisho wa Machi, lakini katikati ya Machi zilikuwa zimefika milioni 12. Black Myth: Wukong ya Agosti 2024 iliuza nakala milioni 10 katika siku tatu na kuwa na wachezaji zaidi ya milioni 2.4 kwa wakati mmoja kwenye Steam, wengi wao wakiwa China, soko ambalo mkadiriaji anayesoma majarida na mitandao ya Kiingereza halioni vizuri.

Kisha kuna Cyberpunk 2077, ambayo ndiyo iliyonifundisha mipaka ya zoezi lote. Kabla ya tarehe 10 Desemba 2020 ilikuwa na oda za mapema zaidi ya milioni 8, na mkadiriaji yeyote angepatia siku ya kwanza kwa kuzisoma hizo tu. Tathmini zilizotoka kabla ya uzinduzi zilitokana na toleo la kompyuta, kwa sababu wachambuzi hawakupewa la konsoli. Wiki moja baadaye Sony iliuondoa mchezo katika duka lake na kuwarejeshea wanunuzi fedha. Kufikia tarehe 20 Desemba ulikuwa umeuza nakala zaidi ya milioni 13 hata baada ya kuondoa zilizorudishwa, kwa hiyo haukufa, ila aliyepanga mambo yake kwa kutazama siku ya kwanza peke yake hakuona lililokuwa linakuja. Huduma hii haina safu ya nakala zinazorudishwa, ingawa kwenye Steam mnunuzi ana siku 14 za kuomba fedha zake ikiwa hajacheza zaidi ya saa mbili. Hilo ni pengo kubwa kwa chombo cha mwaka huu.

Ukurasa unaotembelewa kuliko zote ni wa Grand Theft Auto VI, ambayo baada ya kuahirishwa mara mbili ilitangaziwa tarehe 19 Novemba 2026. Hapo juu imekaa nambari kubwa ambayo sitainakili, kwa kuwa imebadilika mara nne tangu nianze kuihifadhi na sioni msingi wake. Trela ya kwanza, ya Desemba 2023, ilitazamwa zaidi ya mara milioni 90 katika saa 24, na kadirio la huduma linaegemea sana hapo, ilhali kuitazama trela ni bure na anayeitazama mara tano atanunua nakala moja. Ishara ninayoiona kuwa na nguvu zaidi haimo kabisa kwenye jedwali, nayo ni idadi ya konsoli zilizopo majumbani. Mwaka 2013 Grand Theft Auto V ilitoka mwishoni mwa uhai wa PlayStation 3 na Xbox 360, kila moja ikiwa imekaribia kuuzwa mara milioni 80. Mchezo mpya umetangazwa kwa PlayStation 5 na Xbox Series, na PlayStation 5 ilivuka milioni 80 katikati ya mwaka 2025, lakini mwenzake yuko nyuma sana. Hiyo ina maana kwamba dari ya leo iko chini kuliko ya wakati ule kwa idadi ya vyombo, hata kama bei na matoleo maalumu yataipandisha hesabu ya fedha. Mkadiriaji anayetoa nambari moja tu kwa mchezo kama huu, na kuuficha upana wa mashaka yake katika herufi za kijivu, anamtendea mteja isivyo haki.

Kwa timu ndogo inayotafuta tarehe salama ya kutoa mchezo, huduma hii inastahili kulipiwa kwa mwezi, kwa ajili ya kalenda yake, grafu zake na ule utengano safi wa nakala zilizopelekwa na nakala zilizonunuliwa. Kwa mtu anayetaka kuagiza diski au kuandaa seva kwa kutegemea nambari ya juu ya ukurasa, ningemshauri asome kiwango cha chini na cha juu tu na aifunike hiyo nambari kwa kidole. Sisi tuliacha usajili wa mwaka na kuchukua wa mwezi, na mchezo wetu tumeupangia mapema mwaka 2027, wiki nyingi kutoka tarehe 19 Novemba. Nimewaandikia tena wenye huduma kuomba makadirio ya kila siku yafungwe yasibadilishwe, na siku watakapofanya hivyo nitairekebisha tathmini hii.